SOMO LA URAIA: Kocha Aliyeachishwa na Chuo Alichokishtaki

Muhula huu somo letu la uraia litatutoa mbali kidogo na nyumbani, mpaka Marekani ya kusini, kwenye kesi moja iliyoanza kwa maneno ya kunong'onezana. Ni kesi ya kocha wa mpira aliyeachishwa kazi na Chuo Kikuu, akakaa karibu miaka 6, kisha akakishtaki Chuo hicho. Nimeichagua si kwa ajili ya mpira, ingawa najua ya kuwa wengi watausoma ukurasa huu kwa ajili ya mpira, bali kwa sababu ndani yake mna mambo manne matano ya sheria ambayo mtu akiyasoma kitabuni peke yake husinzia, lakini akiyaona yakifanya kazi hayamtoki kichwani.

Kwanza tuelewane juu ya mpira wenyewe. Mpira wa Marekani si kandanda yetu. Mpira wao una umbo la yai, hubebwa mikononi na kurushwa, na wachezaji, 11 kila upande, huvaa kofia ngumu na ngao za mabega kama watu waendao vitani. Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba mashindano yapendwayo kupita kiasi katika majimbo ya kusini si ya timu za miji bali ya vyuo vikuu. Chuo Kikuu cha Mississippi, ambacho wenyeji hukiita Ole Miss, kiko katika mji mdogo uitwao Oxford, na uwanja wake huchukua watu zaidi ya 60,000, idadi iliyo kubwa kuliko wakazi wote wa mji huo. Katika majimbo mengi ya Marekani mtumishi wa umma alipwaye mshahara mkubwa kuliko wote si gavana wala jaji mkuu, ni kocha wa chuo. Msomaji akilishika jambo hilo hatauliza kwa nini watu walifikishana kortini.

(Jina la Chuo hiki si geni katika historia. Ndicho Chuo ambacho mwaka 1962 James Meredith, Mmarekani mweusi, aliingia kusoma chini ya ulinzi wa askari wa serikali kuu, na watu wawili wakauawa katika ghasia za usiku ule. Baadaye Meredith alisoma pia Chuo Kikuu cha Ibadan, Nigeria. Lakini hiyo ni habari ya somo jingine.)

Mpinzani wa jadi wa Ole Miss ni jirani yake, Chuo cha Mississippi State, kilicho katika mji wa Starkville. Tangu mwaka 1927 wanashindania zawadi iitwayo Yai la Dhahabu, na uadui wao hauishi siku ya mechi. Mkumbuke jirani huyo, maana ataingia katika hadithi kwa mlango wa nyuma.

Mashindano ya vyuo husimamiwa na chama kiitwacho NCAA, kilichoanzishwa mwaka 1906. Kwa miaka mingi amri yake kubwa ilikuwa kwamba mchezaji ni mwanafunzi, naye asilipwe chochote zaidi ya karo, chakula na malazi. Siku hizi amri hiyo imelegezwa: tangu mwaka 2021 mwanafunzi aweza kulipwa kwa matumizi ya jina lake katika matangazo, na tangu mwaka 2025 vyuo vyenyewe vimeruhusiwa kuwalipa wachezaji. Lakini wakati wa kesi yetu kumpa mchezaji gari, fedha au hata malazi ya bure kwa jamaa zake lilikuwa kosa, na chuo kilichobainika kiliweza kunyimwa nafasi ya kucheza michuano ya mwisho wa msimu.

Makocha wawili

Bwana Houston Nutt alikuwa kocha wa Chuo Kikuu cha Arkansas tangu mwaka 1998 mpaka 2007. Mwishoni mwa 2007 akahamia Ole Miss. Misimu yake miwili ya kwanza ilikuwa mizuri: kila msimu timu ilishinda mechi 9 na kupoteza 4, na mara zote mbili ikashinda mechi ya heshima iitwayo Cotton Bowl. Kisha mambo yakageuka. Mwaka 2010 timu ilishinda mechi 4 tu, na mwaka 2011 ikashinda 2 na kupoteza 10. Novemba 2011 akaambiwa kwamba msimu ule ungekuwa wake wa mwisho.

Hapo hapana ajabu. Kocha ashindwaye huondolewa, huko kama kwetu. La kuangalia ni karatasi iliyotiwa sahihi walipoachana. Ilikuwa mkataba wa kuachishwa kazi, na ndani yake, pamoja na mambo ya fedha, mlikuwa na sharti moja dogo: wakubwa fulani wa Chuo hawatasema neno lolote juu ya utumishi wa Bwana Nutt litakaloweza kuharibu sifa yake kama kocha. Watu wengi hutia sahihi masharti kama hayo bila kuyasoma mara mbili. Sharti hilo lililala ndani ya faili kwa zaidi ya miaka minne.

Aliyeshika nafasi yake ni Bwana Hugh Freeze. Huyu alifanikiwa sana. Mwaka 2014 na tena mwaka 2015 timu yake iliwashinda Alabama, miamba wa mchezo huo, na tarehe 1 Januari 2016 ikashinda mechi ya Sugar Bowl kwa pointi 48 dhidi ya 20. Vijana hodari wa nchi nzima wakaanza kuitazama Oxford kwa macho mengine.

Januari 2016

Wiki tatu baada ya ushindi ule, tarehe 22 Januari 2016, NCAA ilikiletea Chuo barua ya mashtaka. Barua hiyo haikutangazwa hadharani siku ile, lakini habari kwamba ipo zilivuja upesi.

Sasa tazama kalenda. Kila mwaka mwanzoni mwa Februari kulikuwa na siku maalumu ambapo vijana wanaomaliza shule za sekondari walitia sahihi ya kujifunga na chuo watakachochezea. Mwaka 2016 siku hiyo ilikuwa tarehe 3 Februari. Kwa hiyo barua ilifika siku 12 kabla ya vijana wa miaka 17 na 18, pamoja na wazazi wao, kuamua. Mzazi yeyote mwenye akili angeuliza: je, makosa haya ni ya nani? Kama ni ya kocha aliyepo, basi adhabu yaja na mwanangu ataingia ndani yake. Kama ni ya kocha aliyeondoka, basi ni mambo ya zamani na yatapita.

Katika siku zile waandishi kadhaa wa habari za michezo waliandika kwamba sehemu kubwa ya mashtaka ilihusu enzi ya Bwana Nutt. Walipata wapi habari hiyo, hali barua haijatangazwa? Kwa mujibu wa hati ya mashtaka iliyofunguliwa baadaye, waliambiwa na watu wa Chuo wenyewe, kwa simu, kwa masharti kwamba jina la msemaji lisitajwe. Hivyo neno likatoka, likaenea nchi nzima, wala halikuwa na mwenyewe.

Mwishoni mwa Mei 2016 Chuo kikaitoa barua ile hadharani. Watu wakahesabu. Mashtaka yaliyohusu mpira yalikuwa 13. Katika hayo 4 yalikuwa ya enzi ya Nutt na 9 ya enzi ya Freeze. Ni haki kusema kwamba yale manne hayakuwa madogo, maana miongoni mwake yalikuwamo mambo ya udanganyifu katika mtihani wa kuingilia chuo mwaka 2010, yaliyowahusu baadhi ya wasaidizi. Lakini jina la Bwana Nutt mwenyewe halikutajwa katika shtaka hata moja. Na Februari 2017 NCAA ilipoongeza mashtaka mengine 8, mizani ikazidi kuinama upande ule ule wa kocha aliyepo.

Hebu jiweke mahali pake. Mtu ameondoka miaka mingi, anatafuta kazi ya ukocha, na kila mwajiri anayemfikiria amekwisha kusoma gazetini kwamba huyu ndiye aliyeuchafua mpira wa Ole Miss. Hakupata tena nafasi ya ukocha mkuu, akaendelea na kazi ya kuchambua mechi katika televisheni. Kwamba aliikosa kwa sababu ya maneno yale au kwa sababu ya mechi alizopoteza mwaka 2011, hilo ni jambo ambalo hata korti ingeona taabu kulipima, nasi tuliache.

Kashfa au mkataba?

Upande wa Bwana Nutt, kwa mkono wa wakili wake Thomas Mars wa Arkansas, ulitaka kwanza Chuo kiombe radhi hadharani. Radhi haikuja. Ndipo tarehe 12 Julai 2017 kesi ikafunguliwa.

Mwanafunzi aliyekwisha kusoma sheria kidogo atadhani hii ilikuwa kesi ya kashfa, yaani ya kumchafulia mtu jina. Hati iliyofunguliwa haikuegemea huko. Iliegemea sharti lile dogo lililolala ndani ya faili: mliniahidi kwa maandishi kwamba hamtasema, nanyi mkasema, kwa hiyo mmevunja mkataba.

Tofauti ya njia hizi mbili ni kubwa. Kwanza muda. Sheria ya jimbo la Mississippi humpa mtu mwaka 1 tu wa kushtaki kwa maneno ya kashfa. Maneno yalisemwa Januari 2016 na kesi ikafunguliwa Julai 2017. Hesabu mwenyewe, ni miezi 17. Wala wasidhani wasomaji wetu kwamba huo ni ukali wa Mississippi peke yake: Kenya nayo sheria yake hutoa miezi 12 tu kwa kesi za kashfa. Sababu yake ni kwamba maneno husahauliwa upesi na mashahidi pia husahau. Mkataba ni karatasi, haisahau, na muda wake ni mrefu zaidi.

Pili, na hapa ndipo penye utamu wa somo, ni mzigo wa ushahidi. Katika kesi ya mkataba mdai aonyeshe mambo machache: kulikuwa na ahadi, ahadi ikavunjwa, nami nimepata hasara. Haijalishi sana mvunjaji alikuwa na nia gani moyoni. Katika kesi ya kashfa, mdai akiwa mtu maarufu, Marekani humtwika mzigo mwingine mzito kabisa. Cha ajabu ni kwamba mzigo huo ulipata kuwekwa juu ya watu maarufu kwa sababu ya kesi ya kocha mwingine wa mpira wa chuo, wa jimbo jingine la kusini. Hadithi yake yafaa kusimuliwa.

Bwana Wally Butts aliifundisha timu ya Chuo Kikuu cha Georgia tangu mwaka 1939 mpaka 1960, akaondolewa ukocha, akabaki mkuu wa michezo mpaka mwanzoni mwa 1963. Mwezi Machi mwaka huo gazeti kubwa liitwalo Saturday Evening Post likachapa habari kwamba Butts alimpigia simu Bwana Paul Bryant, kocha wa chuo mpinzani cha Alabama, akampa siri za timu yake mwenyewe kabla ya mechi. Mechi yenyewe ilichezwa tarehe 22 Septemba 1962 na Georgia wakafungwa pointi 35 kwa 0. Na gazeti lilijuaje? Wakala mmoja wa bima katika mji wa Atlanta alikuwa akijaribu kupiga simu yake, mitambo ikakosea, akajikuta anasikiliza mazungumzo ya watu wengine. Akachukua kalamu akaandika aliyoyasikia.

Butts akashtaki. Kortini ikadhihirika namna gazeti lilivyofanya kazi yake. Wakala yule alikuwa chini ya uangalizi wa korti kwa mambo ya hundi mbaya, na gazeti lilijua. Karatasi alizoandika, watu wa gazeti hawakuziangalia kabla ya kuchapa. Mtu aliyesemekana alikuwa pamoja naye wakati wa simu ile hakuulizwa. Filamu ya mechi, ambayo ingeonyesha kama kweli Alabama walicheza kama watu wanaojua siri, haikutazamwa. Mwandishi hakuwa mjuzi wa mchezo huo, wala hakutafutwa mjuzi wa kumsaidia. Baraza la raia walioketi pamoja na jaji likampa Butts dola 60,000 kwa hasara yake na dola 3,000,000 za kuliadhibu gazeti. Jaji akaona ni nyingi mno, akazipunguza mpaka jumla ya dola 460,000. Bryant naye alikuwa ameshtaki, wakapatana nje ya korti.

Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu kabisa ya Marekani, na mwaka 1967 majaji 5 dhidi ya 4 wakampa Butts ushindi. Lakini katika hukumu zao wakaweka jambo lililobaki mpaka leo. Miaka 3 nyuma, mwaka 1964, Mahakama hiyo ilikuwa imekwisha kusema kwamba mkubwa wa serikali hawezi kulipwa fidia kwa kashfa ila akionyesha kwamba msemaji alijua kuwa anasema uongo, au hakujali kama ni uongo au kweli. Katika kesi ya Butts majaji walipanua ulinzi huo wa wasemaji uwaguse pia watu maarufu wasio na cheo serikalini, mathalani makocha. Hawakukubaliana wote juu ya kipimo chenyewe; kipimo kilichofuatwa baadaye ni kile cha Jaji Mkuu Earl Warren, yaani kipimo kile kile cha mwaka 1964. Basi Butts alishinda kesi yake, lakini nyuma yake akawaachia makocha wote waliomfuata mlima wa kupanda.

Ndiyo maana nasema sharti lile dogo katika mkataba wa Nutt lilikuwa na thamani kubwa kuliko lilivyoonekana. Lilimpa njia ya kuuzunguka mlima.

Mlango wa korti

Njia ya kuuzunguka mlima haikuwa nyoofu, hata hivyo. Marekani wana korti za aina mbili: za kila jimbo, na za serikali kuu. Korti za serikali kuu husikiliza, pamoja na mengine, ugomvi wa raia wa majimbo mbalimbali ikiwa kinachodaiwa kimezidi dola 75,000. Shabaha ya kanuni hiyo ni njema: mgeni asihukumiwe na watu wa nyumbani kwa mpinzani wake. Nutt hakuwa mkazi wa Mississippi, kwa hiyo kesi ilifunguliwa katika korti ya serikali kuu.

Chuo kikajibu kwa hoja ya kisheria. Chuo Kikuu cha Mississippi ni mali ya jimbo, ni mkono wa jimbo. Jimbo lenyewe si raia wa jimbo lolote, kama vile kijiji si mwanakijiji. Kwa hiyo huu si ugomvi wa raia wa majimbo mawili, na korti hii haina mamlaka. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu, na Agosti 2017 kesi ikaondoka katika korti ile bila mtu yeyote kuhukumiwa kuwa mkosa au mkweli. Magazeti mengine yaliandika kwamba kesi ya Nutt imetupwa, na watu wakaelewa kwamba ameshindwa. Sivyo. Kuambiwa umegonga mlango usio wako si kuambiwa huna haki. Oktoba 2017 kesi ikafunguliwa upya katika korti ya jimbo, pale pale kwenye wilaya ya Oxford.

Namba ya simu

Wakati huo huo jambo jingine lilikuwa limekwisha tokea, ambalo hakuna aliyelitazamia.

Kwa kuwa Chuo ni cha umma, simu zinazolipiwa na Chuo zina kumbukumbu ambazo raia yeyote aweza kuomba kuziona. Mississippi ina sheria ya namna hiyo tangu mwaka 1983. Upande wa Nutt ukaomba kumbukumbu za simu ya Bwana Freeze za siku zile za Januari 2016. Shabaha ilikuwa wazi: kuona kama kweli aliwapigia waandishi wa habari, nani, na kwa dakika ngapi. Freeze aliruhusiwa kwanza kufuta namba alizosema ni za mambo yake ya nyumbani, ndipo karatasi zikatolewa.

Hapa ndipo anapoingia jirani kwa mlango wa nyuma. Mwandishi mmoja wa habari za timu ya Mississippi State, ambaye alikuwa akitunga kitabu juu ya mashtaka ya Ole Miss, alizipitia karatasi hizo mstari kwa mstari. Akaona simu ya tarehe 19 Januari 2016, ya dakika 1 tu, kwa namba isiyokuwa ya mwandishi wa habari wala ya mzazi wa mchezaji. Akaitafuta namba hiyo. Ilikuwa imetangazwa kwa biashara ya kukodi wanawake, jambo ambalo halihitaji kuelezwa zaidi katika gazeti la shule. Wakili Mars akakiarifu Chuo. Freeze alisema alikosea namba. Chuo kikazichunguza kumbukumbu nyingine, kikasema kimeona mwenendo usiolingana na matakwa yake kwa kocha, na tarehe 20 Julai 2017, siku 8 tu baada ya kesi kufunguliwa, Bwana Freeze akajiuzulu.

Fikiri jambo hili. Hati ya mashtaka haikuwa na neno hata moja juu ya habari hiyo. Nutt hakudai lolote juu ya maisha ya faragha ya mtu. Lakini kesi ni kama mtu anayechimba kisima: aweza kutafuta maji akafukua mifupa. Mimi binafsi naona taabu kufurahia namna mambo yalivyokwenda, maana kilichomwondoa kocha si kile alichoshtakiwa, na watu wa Starkville waliosherehekea hawakusherehekea haki bali balaa la jirani. Lakini pia ni vigumu kuulaumu upande wa Nutt. Kumbukumbu ni za umma, nao waliziomba kwa njia halali.

Katikati ya Oktoba 2017, siku chache baada ya kufunguliwa upya, kesi ikamalizwa kwa mapatano. Chuo kilitoa taarifa kikikubali kwamba maneno fulani ya watumishi wake ya Januari 2016 yaelekea yalichangia habari za kupotosha juu ya Bwana Nutt, kikaomba radhi kwa kadiri maneno hayo yalivyoiharibu sifa yake, na kikasema wazi kwamba barua ya NCAA ya tarehe 22 Januari haikumtaja wala kumhusisha na ubaya wowote. Isome tena taarifa hiyo kwa jicho la mwanasheria. "Yaelekea." "Yalichangia." "Kwa kadiri." Kila neno limepimwa kwa mizani ya dhahabu. Hata hivyo radhi ni radhi, tena ilitolewa hadharani na kwa jina la Chuo, tofauti na maneno yale ya kwanza yaliyosemwa kwa siri na mtu asiye na jina. Ndiyo iliyokuwa imeombwa tangu mwanzo. Kama ingetolewa kabla ya Julai, hakuna mtu angaliomba kumbukumbu za simu.

Adhabu ya NCAA ilitangazwa tarehe 1 Desemba 2017. Chuo kilisemwa kuwa kilikosa usimamizi wa kutosha, kikawekwa chini ya uangalizi kwa miaka 3, kikapunguziwa nafasi za ufadhili, na kikanyimwa michuano ya mwisho wa msimu kwa mwaka 2018 juu ya mwaka 2017 ambao kilikuwa kimejinyima chenyewe.

Na wale vijana wa miaka 17 na 18? Baadhi yao walikuja kusema kwamba walitia sahihi Februari 2016 wakiamini makosa ni ya zamani. Baada ya adhabu kadhaa wakataka kuhama. Desturi ya wakati ule ilikuwa kwamba mchezaji anayehama chuo akae mwaka mzima bila kucheza. Mmoja wao, Shea Patterson, aliyekuwa mpiga pasi wa timu, alihamia Chuo Kikuu cha Michigan akaomba asifungiwe mwaka huo, kwa kuwa alikuwa amepotoshwa. Wakili wake alikuwa nani? Ni yule yule Thomas Mars. Mwaka 2018 akaruhusiwa kucheza mara moja.

Kwa chama chetu cha majadiliano, na kwa wale wa kidato cha tatu na cha nne wanaotaka kujipima, yafuatayo yaweza kuzungumzwa kabla ya kufunga shule. Je, mwandishi wa habari aliyeambiwa jambo kwa masharti ya kutotaja jina, akagundua baadaye kwamba alidanganywa, bado anafungwa na ahadi yake ya kuficha jina? Kama sharti lile lisingekuwamo katika mkataba wa mwaka 2011, ni njia gani nyingine Bwana Nutt angebaki nayo mwezi Julai 2017, na ingekutana na vikwazo gani viwili? Na kwa wapenda hesabu: katika mashtaka 13 ya Mei 2016, ni sehemu gani kwa mia iliyokuwa ya enzi ya kocha wa kwanza? Majibu yapelekwe kwa mwalimu wa uraia kabla ya wiki ya mitihani.